Nikiingia Wanabadili Lugha

Mama mkwe wangu alikuja Toronto kukaa nasi majira ya baridi, na mimi kwa mdomo wangu huu nikamfunga mdomo wake siku ya kwanza tu, mezani, kabla hajafungua hata begi. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma mbele ya safari. Huruma siitaki.

Mke wangu ni mtu wa Ayalandi. Watu wakisikia hivyo humwita Mwingereza, naye akiitwa Mwingereza utaomba uwe chumba kingine. Kwao ni magharibi kabisa, pwani ya mawe na upepo, katika vile vijiji vichache ambako Kiayalandi hakijahamia kwenye vitabu. Nchi yao karibu yote ilishaingia kwenye Kiingereza zamani. Watoto wa mijini wanafundishwa lugha ya mababu zao darasani, mtihani ukiisha nayo imeisha. Lakini katika vijiji hivyo, ambavyo wenyewe wanaviita Gaeltacht, watu bado wananunua mkate kwa lugha ile, wanagombania mipaka ya mashamba kwa lugha ile, wanasali, wanamkaripia mbwa, wanatongozana. Mke wangu alikuwa na umri wa kwenda shule ndipo alipogundua kwamba kuna watu duniani wanaofikiri kwa Kiingereza.

Mimi kwetu Muheza. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akituongelesha Kibondei, sisi wajukuu tunamjibu kwa Kiswahili, tena kwa madaha, maana Kiswahili ndicho kilikuwa cha shule na cha redio. Alipofariki tulimlilia sana. Lugha hakuna aliyeililia. Kwa hiyo mtu asiniambie sikujua mambo haya yanavyokwenda. Nilijua tangu nikiwa na kaptula.

Binti yetu alipozaliwa, tuliahidiana kama wanavyoahidiana wote wanaooana hivi: mama amsemeshe kwa Kiayalandi, baba kwa Kiswahili, Kiingereza atakiokota mwenyewe barabarani. Ahadi tamu. Wewe acha tu. Mimi nilikuwa naendesha foklifti kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, nikirudi nimechoka, na mtoto anapotaka kupanda juu ya kabati hutafuti ngeli za Kiswahili, unapaaza Kiingereza kilichoko mdomoni. Na mama yake akiwa na mimi mezani anaongea Kiingereza, kwa sababu nipo. Alipofika miaka saba mtoto alikuwa na lugha moja na nusu mbili. Huku Etobicoke wazazi wote wa Kiafrika tuna sentensi moja ya kujifariji: anaelewa, ila hajibu. Nami nilikuwa naisema. Kanisani nilikuwa naipita kabisa, nasema, "Ah, yule Kiswahili anakimwaga kama maji." Nani angempima? Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa ya mchana, na huo ndio ulikuwa wakati wake wa kuogelea.

Safari ya mama mkwe ilikuwa mpango wa mke wangu. Wajukuu wengine wa yule mama walikuwa wametawanyika miji ya mbali, wote Kiingereza kitupu, na binti yetu alikuwa wa mwisho. Mke wangu alinieleza wazi tukiwa tunaosha vyombo. "Mama akikaa naye mpaka Pasaka, kila siku akitoka shule, mtoto atashika. Asiposhika sasa hashiki tena. Mama hatapanda ndege mara ya pili, magoti hayataki." Nikasema sawa. Nikasema aje, mgeni njoo mwenyeji apone. Nilimaanisha.

Yule mama hakuwa mtu wa mchezo kwenye lugha yake. Huko kwao kila kiangazi vijana wa mijini hupelekwa vijijini wakajifunze, wanakaa kwenye nyumba za watu, na nyumba yake ilikuwa mojawapo kwa miaka mingi. Alikuwa na vitanda vya kupandana, sufuria ya viazi kubwa ya kutosha kuogeshea mtoto, na sheria moja: Kiingereza kinabaki nje ya mlango. Kijana akisikika anaonywa. Akizoea, anafungashiwa begi, anarudi kwao, hata baba yake awe waziri. Mke wangu alikuwa akinisimulia huku anacheka, jinsi dada mmoja mrefu alivyolia getini, na mama yake akampa mkate wa njiani, akambusu, na hakumrudisha ndani.

Lakini watu haohao wana adabu moja ambayo ni lazima niieleze, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu. Mwanafunzi ni mwanafunzi, amekuja kujifunza, atabanwa. Mgeni ni kitu kingine. Akiingia mtu asiyejua lugha, awe dereva wa gari la mafuta, awe daktari, chumba kizima kinageuka Kiingereza hapohapo, bila mtu kuambiwa. Hata kama walikuwa kumi na yeye ni mmoja. Wamelelewa hivyo. Kumwacha mtu akae katikati yenu haelewi, kwao ni kumvua nguo. Na mkwe ni zaidi hata ya mgeni wa kawaida.

Basi jioni ya kwanza. Nimepika wali wa nazi na kuku, nataka kuonekana. Mama mkwe na mke wangu wanaongea kwao, haraka haraka, mambo ya ndege na ya nani amekufa, mtoto amekaa katikati kinywa wazi anawatazama kama anayetazama tenisi. Nami nimekaa na kijiko changu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na ule wivu mdogo wa kipuuzi, wa mtu aliyepika na hasifiwi kwa lugha anayoijua. Nikasema kwa Kiingereza, nikicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na mafuta: "Kwetu, watu wakisema lugha asiyoijua aliyepo, tunasema wanamteta."

Mama mkwe aliweka uma chini. Akaniomba radhi. Akauliza kuku nimemtia nini. Na tangu hapo, mimi nikiwepo, hakusema tena neno moja la kwao, wala kwa binti yake wala kwa mjukuu wake. Nami, nawaambieni ukweli, nilijiona kidume. Nilidhani nimetengeneza mambo.

Sasa hesabu yake ndiyo hii. Mimi shifti yangu ilikuwa ya alfajiri, natoka mapema, basi mbili, nafika nyumbani karibu sawa na mtoto akitoka shule. Mke wangu alikuwa anapika kwenye jiko la chuo kimoja, anarudi jioni. Zile saa za katikati, zile za mpango mzima, zilikuwa za bibi na mjukuu. Na mimi ndimo nilimokuwa nimekaa, kwenye kiti changu, na runinga yangu, nimevua soksi.

Mama mkwe anakaa kwenye sofa, mikono mapajani. Kiingereza alikuwa nacho, lakini kilikuwa kama viatu vya kanisani, anavivaa akitoka na vinambana. Alikuwa nacho cha dukani, cha kwa daktari, cha kumwelekeza mtalii njia. "Kuna baridi leo." Ndiyo mama, kuna baridi. "Kazi ilikuwa nzuri?" Nzuri. Mtoto anauliza kama anaweza kuwasha katuni. Nikamwona ni mama mkimya, tena mwenye majivuno. Nikamwambia mke wangu, "Mama yako hanipendi." Akaniambia, "Anakuheshimu." Nikasema heshima gani hiyo ya kununa. Akaendelea kukunja nguo.

Ikaja siku ya theluji nyingi, basi zikachelewa, nikafika nyumbani wao wakiwa wameshafika zamani. Nilipotoka kwenye lifti nikasikia mtu anaongea mle ndani mwetu. Mwanamke. Sauti inapanda, inashuka, inamwiga mtu, nadhani kasisi, halafu inamwiga kuku, halafu inakuwa kali kwa utani, halafu inanong'ona. Nilidhani tumepata mgeni. Mwanangu alikuwa anacheka kile kicheko cha mtoto anayekaribia kujikojolea. Kisha akajibu. Maneno mawili, matatu, ya kwao, akirudishia utani kwa utani, na ile sauti ikapiga ukelele wa furaha. Nikasimama pale kwenye zulia la korido na ufunguo mkononi. Nilikuwa nimeishi na yule mwanamke zaidi ya mwezi, na sikuwahi kumsikia.

Nikafungua mlango. Ilikuwa kama mtu amezima redio. "Kuna baridi nje?" akaniuliza, amesharudi kwenye sofa, mikono mapajani. Mtoto akasema hi, akaomba katuni.

Aibu iliyonishika sijui niielezeje. Ilianzia masikioni. Mimi ndiye yule dereva wa gari la mafuta. Kila siku naingia nyumbani kwangu na buti zangu na kuua jambo ambalo mke wangu amelipangia mwaka mzima, kisha nauliza chakula. Na uso wangu una ila moja: nikiona aibu unakunjamana, watu wanadhani nimekasirika. Marehemu mama alikuwa akinionya, mwanangu fungua uso. Sikuufungua. Nilipita mpaka chumbani na uso huohuo, na mama mkwe akauona, akaufuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

Kesho yake nilipotoka kazini sikupanda juu. Nilishuka chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha kufulia nguo. Pana joto pale, pana viti vya plastiki, mashine zinazunguka. Nikakaa na gazeti la bure la kituo cha basi mpaka jioni, mke wangu alipokaribia kurudi. Siku iliyofuata hivyohivyo. Nyumbani nikasema nina shughuli kidogo chini. Shughuli gani, hawakuniuliza, na mimi sikusema.

Mtu ataniuliza kwa nini sikusema. Mficha uchi hazai, na kweli sikuzaa kitu. Lakini niliwaza hivi: nikimwambia mama mkwe natoka kwangu ili yeye aongee, hatakubali ng'o. Mwanamume akafukuzwe kitini kwake na mama wa mkewe? Angejifungia bafuni yeye kwanza. Nikimwambia mke wangu, atamwambia mama yake. Basi nikajikausha. Na kusema kweli, nilikuwa naufurahia ukimya wangu. Nilikuwa nakaa pale kati ya mashuka ya watu nikijiona mtakatifu, nikiwaza, sasa hivi juu kuko moto, sasa hivi kuku anaigizwa, mtoto anapata. Kila nikiwaza hivyo nafungua ukurasa mwingine wa gazeti.

Ghorofa ya chini yetu aliishi mama mmoja kutoka Bujumbura, tunasali naye. Alikuwa mfuaji mkubwa, ana watoto wengi. Mara ya kwanza aliponikuta akasema, "Habari za hapa, ndugu yangu? Nguo zako ziko mashine gani?"

"Zinakuja, mama."

Mara ya pili akaziangalia mashine zote, akaniangalia mimi, akasema Mungu ni mwema. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Alishuka na chupa ya chai ya maziwa na mandazi kwenye karatasi, akaniwekea kwenye kiti cha pembeni, akaondoka polepole kama mtu anayetoka wodini. Na mimi, mdomo huu, nikala. Chai ilikuwa nzuri, ya tangawizi. Sikufikiri kwamba nimeshakula ushahidi.

Huku juu, kwenye chakula cha jioni, niliona mabadiliko yakanipa moyo. Mama mkwe alikuwa ananichangamkia. Aliniuliza foklifti inabeba uzito gani. Aliniuliza timu yangu imeshinda au imefungwa. Siku moja alinitania kuhusu kofia yangu ya sufu, utani hasa, na neno alilolitumia lilikuwa la watoto wa shule wa hapa. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Nikawaza, tazama, mtu ukimpa nafasi yake mchana, jioni anakuwa mwepesi. Nikamsifu kimoyomoyo, nikajisifu na mimi. Mtoto alikuwa ananitazama akitabasamu, na nikalichukua tabasamu lile kuwa dalili njema.

Kuna kitu kimoja tu kilinikera. Sikumsikia mtoto akisema neno la Kiayalandi, hata kwa bahati mbaya, hata akicheza peke yake. Nikajiambia, mbele yangu hatasema, ameshajifunza adabu yao. Nikaona hata hilo ni maendeleo.

Jumamosi moja, Pasaka ikiwa imekaribia na tiketi ya mama mkwe ni ya wiki ileile, mlango ukagongwa. Mzee wa kanisa letu, mtu wa Bukavu, amevaa suti. Nyuma yake mkewe. Nyuma ya mkewe, mama wa Bujumbura, macho chini. Nilielewa papo hapo. Kwetu watu hawaji watatu na suti kukuuliza hali.

Wakakaribishwa, wakakaa. Mke wangu akaleta chai, hajui lolote. Mama mkwe kwenye sofa, mtoto ubavuni pake. Mzee akafungua kwa Kiswahili chao. "Baba, tulikuja juu ya amani tu. Hakuna probleme yenye haina dawa. Tulisikia vile mchana yote uko unakaa kule chini, kwa mashini za kufua. Mwanaume kuogopa kuingia kwake, ile si kitu ya kuficha." Kisha akaona mke wangu na mama yake hawafuati, akajiona anawateta, akahamia Kiingereza, Kiingereza chake cha kiwandani, cha kuvunjavunja, akarudia yote upya kwa jasho. Mama wa Bujumbura naye akachangia kwa Kiingereza. Mke wangu akageuza kichwa taratibu akanitazama. "Chumba cha kufulia?"

Mzee, kwa wema wake, akanifungulia mlango wa kutokea. Alirudi kwenye Kiswahili, chini chini. "Ao ni heshima ya mukwe? Na kwetu shiye, mwanaume habaki chumba moja na mama wa muke yake. Kama ni ile, sema, baba. Tutaenda na furaha."

Jamani, nilitaka kuikubali. Ilikuwa jibu la heshima, na kwetu pia lipo, mama mkwe ni wa kukwepwa kidogo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo. Lakini mke wa mzee akawa ameshamwinamia binti yangu, akamuuliza kwa Kiswahili cha upole, cha kumwongelesha mtoto wa miaka mitatu, "Mjukuu wangu, baba anapendana na bibi?"

Mwanangu akamtazama. Akanitazama mimi. Akauliza kwa Kiingereza, "Anasema nini?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wangecheka. Mama wa Bujumbura alianza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, mzee akainua kikombe kisicho na chai akanywa. Kama maji, nilikuwa nimewaambia. Anakimwaga kama maji. Watoto wa yule mama wa Bujumbura, wanaosoma shule moja na mwanangu, wanamjibu mama yao Kirundi, wanatusalimia Kiswahili, halafu ndiyo wanageukia Kiingereza. Nilitazama zulia nikatamani linimeze na meza yake.

Nikamtafsiria mtoto lile swali kwa Kiingereza. Ilibidi. Naye akajibu vizuri, kwa sauti ya kujivunia, ya mtoto aliyeulizwa anachokijua.

"Baba hapendi tukiongea lugha ya Bibi. Alisikia akiwa mlangoni, akakasirika, akahama. Kwa hiyo tumeacha. Sasa namfundisha Bibi Kiingereza kizuri, kila siku nikitoka shule, ili Baba arudi akae na sisi. Amejua mambo ya mpira. Amejua hata utani."

Mama mkwe alimshika mkono kumnyamazisha, uso mwekundu mpaka shingoni. "Tulidhani tumekukosea," akaniambia. Alilisema vizuri kabisa, na lafudhi ilikuwa ya mwanangu.

Yule mwanamke aliyewarudisha watoto wa mawaziri kwao kwa sababu ya Kiingereza alikuwa amekaa kwenye sofa langu wiki baada ya wiki, akijifunza Kiingereza kutoka kwa mtoto ambaye yeye ndiye aliyekuja kumfundisha Kiayalandi. Kwa ajili yangu. Na mimi chini, nikila mandazi.

Mzee wa kanisa alisimama, amejaa furaha. Kwake jambo lilikuwa limekwisha, tena uzuri. "Ndugu yangu, mama muzima na mivi yake anajifunza luga juu yako. Unataka upendo gani ingine?" Akaomba dua ndefu, akamshukuru Mungu kwa familia isiyo na ugomvi. Tukaitikia amina. Mama wa Bujumbura aliniaga bila kunitazama usoni, akasema chupa yake nitairudisha siku yoyote, hakuna haraka.

Mlango ulipofungwa niliwaeleza. Kwa Kiingereza, nimesimama, kama mtuhumiwa. Kwamba sikukasirika. Kwamba nilisikia pale mlangoni kitu kizuri ambacho sijawahi kukisikia nyumbani kwangu, na nikashuka chini ili kiendelee.

Mke wangu alikaa kwenye mkono wa kiti. "Kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukuuliza?"

"Niliogopa uso wako," akasema. "Nikamwambia Mama, tuache kidogo mpaka apoe. Nikasema kidogo tu." Akaziba mdomo kwa mkono, na sikujua kama anacheka au analia. Nilipomkaribia alinizuia kwa kiganja, si kwa ukali.

Mtoto alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Ni mwerevu, alikuwa anaunganisha. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Kwa hiyo," akasema, "ni Bibi ndiye aliyekuwa anatakiwa kunifundisha mimi?"

Tukasema ndiyo.

"Hakuna mtu aliyeniambia." Akahesabu siku kwa vidole. "Na anaondoka Jumanne."

Hapo nikapiga magoti mbele ya mama mkwe wangu. Kwetu hilo si ajabu, kwake lilikuwa ajabu kubwa, akashituka akataka kuninyanyua. Nikamwambia, mama, mwongeleshe mtoto. Sasa hivi. Mimi nikiwa hapahapa. Niteteni, nitukaneni, sijali, lakini mwongeleshe kwa lugha yako, mama, nisikie.

Akamtazama mtoto. Akafungua mdomo, na nikaona kabisa neno limefika, limesimama pale mlangoni. Kisha macho yake yakanirudia mimi, niliyepiga magoti kwenye zulia langu mwenyewe, mgeni asiyeelewa. Sabini na ushei, yule mama. Alikuwa amelelewa hivyo. Mdomo ukafunga, ukafunguka tena.

"Umechoka, mwanangu," akasema, kwa Kiingereza kilekile kizuri. "Inuka ukae, nikupe chai."

Nikainuka. Mtoto akaenda kuleta vikombe.